Bloa ya Kupooza Mota ya Gari la Umeme Lililoundwa Nyumbani: Uchambuzi wa Kisa

Kisa hiki kinahusu gari dogo la abiria ambalo mwenyewe aliliondoa injini ya petroli na kulifunga mota ya umeme, akisaidiwa na fundi wa kuchomelea. Jina la mwenye gari, mahali anapoishi na aina ya gari vimeondolewa, na vipimo vimetolewa kwa namba za karibu. Nilishirikishwa kupima na kushauri tangu mota ilipoanza kutoa harufu ya kuungua hadi mfumo wa kuipooza ulipokamilika. Ninaandika kwa ajili ya wanaokusudia kufunga bloa, yaani kipulizia hewa cha umeme, kwenye gari la namna hii, kwa sababu ninaona wengi wakitumia muda mwingi kuchagua bloa na muda mchache mno kufikiria hewa yenyewe itapita wapi.

Usuli

Mota ilitoka kwenye foklifti iliyochakaa. Ni mota ya mkondo mnyoofu yenye brashi za kaboni, na koili zake za uga (waya zilizotulia zinazotengeneza sumaku) zimeunganishwa kwa mfululizo na amecha (sehemu ya katikati inayozunguka), kwa hiyo ampea zinazopita kwenye amecha ndizo hizo hizo zinazopita kwenye koili za uga. Uzito wake ni kilo 65 hivi. Kibati chake kilionyesha kwamba imetengenezwa kwa volti 48, kwamba uhami wa waya zake, yaani kifuniko kinachozuia umeme kuvuja, ni wa daraja F, yaani unaovumilia hadi nyuzi 155 za Selsiasi, na kwamba nguvu iliyoandikwa ni ya kazi ya saa 1 tu, si ya kazi isiyo na kikomo. Taarifa hiyo ya mwisho ni nzito kuliko inavyoonekana, maana foklifti hufanya kazi kwa vipindi: huinua mzigo, husogea mita chache, husimama, na mota hupata nafasi ya kupoa kabla ya kazi inayofuata.

Kwenye gari, mota hiyo iliunganishwa na betri 8 za asidi za volti 12, jumla volti 96, kupitia kontrola ya kielektroniki, kifaa kinachodhibiti umeme unaofika kwenye mota. Klachi na giaboksi ya awali vilibaki mahali pake, na mota ikashikizwa kwenye giaboksi kwa bati nene la chuma lililokatwa kwa kipimo.

Ndani ya mota kulikuwa na feni ndogo iliyokazwa kwenye shafti, upande unaotoa nguvu. Feni hiyo huvuta hewa kutoka madirisha ya upande wa komyuteta (sehemu ya amecha inayoguswa na brashi), huipitisha kati ya amecha na koili za uga, kisha huitoa kwenye madirisha ya upande wake. Udhaifu wake ni kwamba inategemea kasi ya mota yenyewe: mizunguko ikipungua nusu, hewa nayo hupungua karibu nusu, na msukumo wa kuipenyeza hewa hiyo hubaki robo. Mota ya mfululizo, kwa upande mwingine, hubeba ampea nyingi zaidi hasa inapozunguka polepole chini ya mzigo, kama wakati gari linapopanda kilima. Joto linapokuwa jingi kabisa, hewa huwa chache kabisa, na hakuna kasoro ya ufundi inayohitajika ili mota iungue katika hali hiyo.

Dalili na vipimo vya kwanza

Gari lilienda vizuri kwenye barabara tambarare. Tatizo lilijitokeza kwenye mwinuko mrefu ambao mwenye gari aliupanda kila siku kwa gia ya tatu, kwa kuwa gari halikumlazimisha kupunguza gia kama injini ya petroli ingefanya. Juu ya mwinuko huo ilianza kusikika harufu ya vanishi inayopakwa kwenye waya za mota, na ganda la mota halikushikika kwa mkono. Mwenye gari hakuelewa sababu, kwa kuwa mita yake ilionyesha ampea 120 tu.

Mita hiyo ilikuwa kwenye waya wa betri. Tulipoweka mita ya kubana, ambayo hupima ampea kwa kuuzunguka waya kwa nje, kwenye waya unaotoka kwenye kontrola kwenda kwenye mota, tulisoma karibu ampea 300. Namba zote mbili zilikuwa sahihi. Kontrola hupunguza volti zinazofika kwenye mota na kuongeza ampea kwa kiasi kinacholingana: volti 96 kwa ampea 120 ni kama kilowati 11.5, na volti 38 kwa ampea 300 ni karibu nguvu ileile. Anayesoma mita ya betri peke yake anajua betri inatoa nini, lakini hajui mota inabeba nini. Joto la waya hufuata mraba wa ampea, hivyo ukinzani (kizuizi cha waya kwa umeme) wa omu 0.03 unaopitiwa na ampea 300 huzalisha wati 2,700, na brashi nazo huongeza wati mia kadhaa.

Jambo la pili lilionekana tulipochungulia karibu na vituo vya waya kuu. Kulikuwa na waya mbili nyembamba zilizotoka ndani ya mota, zimekunjwa pamoja na kuzungushiwa utepe mweusi. Aliyeitoa mota kwenye foklifti hakuzijali, na mwenye gari aliziona kama masalia. Maltimita ilionyesha kwamba waya hizo zilikuwa zimeunganika kwa ndani mota ikiwa baridi, na kwamba hazikugusana na ganda wala na koili yoyote. Baada ya kupanda mwinuko tulizipima tena, na mkondo ulikuwa umekatika. Ilikuwa swichi ya joto iliyofungwa kiwandani, na kwa miezi yote hiyo ilikuwa ikifunguka na kutoa onyo ambalo halikuwa na njia ya kumfikia dereva.

Ili kupata joto la waya zenyewe badala ya joto la ganda, ambalo huchelewa sana kupanda, tulitumia ukinzani wa shaba. Shaba huongeza ukinzani wake kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja inayopanda kutoka nyuzi 20. Tulipitisha ampea 10 kwenye koili za uga na kupima volti zinazopotea humo, kwanza mota ikiwa imelala usiku kucha katika nyuzi 25, kisha mara tu baada ya mwinuko. Ukinzani ulikuwa umepanda kwa asilimia 45, maana yake wastani wa joto la koili ulifika nyuzi 142. Huo ni wastani. Ndani ya koili kuna sehemu zenye joto kubwa zaidi, kwa hiyo mpaka wa nyuzi 155 ulikuwa karibu mno.

Uamuzi wa kwanza na sababu zake

Njia nne zilijadiliwa. Kununua mota kubwa zaidi kuliachwa, kwa kuwa kungelazimu kuanza upya karibu kila kitu. Kupooza kwa maji hakukuwezekana, kwa sababu mota ya aina hii haina mikondo ya maji, na bomba linalozungushwa nje ya ganda haliifikii amecha iliyo katikati. Kupunguza kikomo cha ampea kwenye kontrola kulikubaliwa kimsingi, lakini mwenye gari alihofia kukwama mlimani. Iliyobaki ni bloa, ambayo faida yake kubwa ni kwamba hupuliza kwa nguvu ileile mota ikienda kasi, ikienda polepole au ikiwa imesimama.

Kabla ya kununua tulikadiria hewa inayohitajika. Ili kuondoa kilowati 1 ya joto kwa hewa inayoingia baridi na kutoka ikiwa imepanda nyuzi 20, inahitajika hewa ya mita za ujazo 2.5 hivi kwa dakika. Mwenye gari alipata bloa ya kupitishia hewa kwenye vyumba vya injini za boti, ya mapanga ndani ya bomba fupi, iliyoandikwa kuwa hutoa zaidi ya mita za ujazo 6 kwa dakika. Kwa hesabu hiyo ingeondoa kilowati 2.4 hivi, sehemu kubwa ya joto la mwinuko, na ilionekana kutosha.

Ufungaji wa kwanza

Bloa ilifungwa upande mmoja wa sehemu ya injini, ikaunganishwa na bomba la mikunjo lenye kona tatu, na bomba likaelekezwa kwenye mojawapo ya madirisha manne ya upande wa komyuteta. Madirisha mengine matatu yaliachwa wazi. Sauti ilikuwa kubwa na mkono uliowekwa karibu na mota ulihisi upepo mwingi, kwa hiyo kila mtu aliyeona aliridhika. Lakini baada ya kupanda mwinuko uleule kwa gia ileile, ukinzani wa koili ulionyesha nyuzi 134. Kazi yote hiyo ilikuwa imeshusha nyuzi 8.

Jibu lilipatikana kwa vipande vya karatasi laini. Tulibandika kipande kimoja juu ya kila dirisha la mota, kikining'inia kwa ncha moja, kisha tukawasha bloa mota ikiwa imesimama. Kwenye madirisha matatu ya upande wa komyuteta karatasi zilisimama wima zikitetemeka. Kwenye madirisha ya upande wa pili, ambako hewa ilipaswa kutokea baada ya kupita katikati ya koili, karatasi hazikusogea isipokuwa moja iliyoinuka kidogo na kurudi. Hewa ilikuwa inaingia dirisha moja, inagonga komyuteta, na kutoka kwenye madirisha ya jirani. Nafasi kati ya amecha na koili ni nyembamba, na hewa haitapita kwenye nafasi nyembamba ikiwa kuna tundu wazi pembeni yake.

Tulipolala chini ya gari na kumulika kwa tochi tulikuta kizuizi kingine. Bati la kuunganisha mota na giaboksi lilikuwa limefunika karibu nusu ya madirisha ya kutokea. Fundi aliyelikata alizingatia matundu ya bolti na ulinganifu wa shafti, mambo yaliyo muhimu kweli, lakini hakuna aliyemwambia kwamba hewa nayo inahitaji kutoka.

Kuipa hewa njia

Marekebisho yalianza kwenye kutokea, si kwenye kuingilia. Mota ilishushwa, bati likakatwa sehemu zilizoziba madirisha bila kugusa maeneo ya bolti, na kikinga cha bati jepesi kikawekwa ili hewa moto ielekee chini na nyuma badala ya kurudi kwenye mdomo wa bloa. Fursa hiyo ilitumika pia kuondoa vumbi la kaboni kwa mashine ya kunyonya vumbi na brashi laini. Ni vyema lisipulizwe kwa kompresa, kwa kuwa vumbi hilo hupitisha umeme na mpulizo mkali unaweza kulisukuma ndani zaidi ya koili.

Upande wa komyuteta ulizungushiwa mkanda wa faibaglasi uliofunika madirisha yote, ukiwa na sponji inayohimili joto chini yake na mdomo mmoja tu wa kuingizia hewa. Faibaglasi ilipendekezwa badala ya bati kwa sababu waya za brashi hupita karibu sana na madirisha hayo, na chuma kilicholegea mahali hapo kinaweza kusababisha shoti kati ya brashi na ganda. Mkanda ulikazwa kwa klampu mbili za bomba, ili uweze kufunguliwa kwa bisibisi pale brashi zinapohitaji kukaguliwa. Mwelekeo wa hewa ulifuata ule wa feni ya ndani, kutoka komyuteta kwenda kwenye shafti. Bloa inayopuliza kinyume chake ingeshindana na feni hiyo kila mota inapoongeza kasi.

Bloa nayo ilibadilishwa. Ile ya mapanga husukuma hewa nyingi mahali pa wazi, lakini msukumo wake hufifia mara inapokutana na bomba jembamba, kona na koili zilizobanana, na kipimo kilichoandikwa kwenye ganda lake ni cha mahali pa wazi. Badala yake ilitumika bloa ya ngoma kutoka kwenye mfumo wa hewa ya ndani wa gari jingine, ile yenye vibapa vingi vidogo vilivyopangwa mduara, ambayo hustahimili upinzani vizuri zaidi. Bomba la mikunjo lilibadilishwa kwa bomba laini, fupi, lenye kona moja.

Mdomo wa kuvutia hewa uliwekwa juu, nyuma ya taa ya mbele, ukiangalia chini ili usinywe maji ya mvua, ukafunikwa sponji ya kuchuja vumbi, na tundu dogo likatobolewa mahali bomba liliposhuka chini kuliko pote ili maji yoyote yatoke kabla ya kufika kwenye mota. Haukuwekwa karibu na sanduku la betri. Betri za asidi hutoa haidrojeni zinapochajiwa, gesi hiyo huweza kuwaka ikifika asilimia 4 ya hewa, na ndani ya mota kuna brashi zinazotoa cheche. Bloa ya gari la kawaida nayo ina brashi zake, tofauti na ile ya boti ambayo huundwa isiwashe mvuke. Hapa sikukubali maafikiano ya aina yoyote, ingawa njia fupi kuliko zote ya bomba ilipita juu ya betri.

Umeme wa bloa na maonyo

Bloa inatumia ampea 12 kwenye volti 12, wati 144. Ilipewa relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), waya wa milimita za mraba 2.5, na fyuzi ya ampea 20 iliyo karibu na betri ndogo. Mwenye gari alitaka iwake yenyewe mota ikipata moto tu, ili apunguze kelele. Tuliamua iwake kila ufunguo unapowashwa, kwa sababu kusubiri hadi swichi ya joto ifanye kazi ni kuanza kupooza wakati nafasi yote ya akiba imeshatumika. Kisha relei ya muda iliongezwa ili bloa iendelee kwa dakika 10 baada ya ufunguo kuzimwa, kipindi ambacho joto la ndani bado linasambaa na feni ya ndani imekwisha kusimama. Gharama yake kwa betri ndogo ni ampea-saa 2.

Zile waya mbili zilizotelekezwa ziliunganishwa na taa nyekundu mbele ya dereva, na pia na sehemu ya kontrola inayopokea ishara ya kupunguza ampea. Hazikuunganishwa ili zizime mota moja kwa moja, kwa kuwa gari linalopoteza nguvu ghafla katikati ya mwinuko wenye magari nyuma yake ni hatari kubwa kuliko mota iliyoungua.

Matokeo

Kwenye mwinuko uleule, kwa gia ya tatu, na kwa kuanzia nyuzi 25 kama awali, wastani wa joto la koili ulikuwa nyuzi 116, kutoka 142 za mwanzo. Karatasi za madirisha ya kutokea sasa zilisimama zote. Ganda la mota, ambalo zamani lilihitaji zaidi ya saa moja kurudi kwenye hali ya kushikika, lilihitaji kama nusu saa.

Jaribio lililofuata halikuhusu bloa hata kidogo. Mwenye gari aliombwa apande kwa gia ya pili, kwa mwendo uleule. Ampea za mota zilishuka kutoka 300 hadi karibu 220, na kwa kuwa joto hufuata mraba wa ampea, joto la waya lilishuka kutoka wati 2,700 hadi takriban 1,450. Mota ilizunguka haraka zaidi, hivyo feni ya ndani nayo ikaongeza mchango wake. Koili zilifika nyuzi 95.

Uchambuzi

Ukilinganisha vipimo hivyo vinne, yaani 142, 134, 116 na 95, utaona kwamba bloa iliyonunuliwa na kufungwa bila njia ya hewa ilichangia sehemu ndogo kuliko zote. Kuziba madirisha, kufungua kutokea na kuweka bloa inayostahimili upinzani vilishusha nyuzi 18 nyingine. Mkono wa gia, ambao haukumgharimu mwenye gari chochote, ulishusha 21. Kwa maoni yangu gia ingepaswa kuwa jaribio la kwanza, na iliwekwa nyuma kwa sababu tu mita ya betri ilificha ukubwa wa tatizo. Mita iliyo kwenye waya wa mota ingemwonyesha dereva tofauti ya gia mbili hizo tangu safari ya kwanza.

Ni lazima pia kueleza bloa isichoweza kufanya. Kilo 65 za chuma na shaba huhitaji takriban kilojuli 29 ili kupanda nyuzi moja, kwa hiyo joto la kilowati 3 lisiloondolewa hupandisha mwili mzima wa mota kwa nyuzi 6 hivi kila dakika, na shaba, ambayo ndiyo inayozalisha joto hilo, hutangulia mbele ya chuma. Katika dakika chache za ampea nyingi mno hewa haiwahi kulichukua joto hilo. Bloa husaidia katika mzigo wa muda mrefu, na zaidi katika vipindi kati ya mzigo mmoja na mwingine, ili mota isianze kilima cha pili ikiwa bado imebeba joto la kilima cha kwanza. Anayefunga bloa kisha akaongeza kikomo cha ampea anaweza kuunguza mota ambayo ganda lake bado ni vuguvugu. Kipimo cha koili za uga hakisemi moja kwa moja hali ya amecha, ambayo inaweza kuwa na moto zaidi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuacha nafasi kubwa chini ya nyuzi 155.

Udhaifu uliobaki ni sponji ya kuchuja. Baada ya majira ya vumbi vipimo vya koili vilianza kupanda tena, ingawa bloa ilisikika ikifanya kazi, tena kwa sauti nyembamba zaidi. Bloa ya ngoma inapozibwa hewa hula umeme mchache zaidi na huongeza mizunguko, kwa hiyo sauti inayopanda pamoja na ampea zinazoshuka ni dalili ya kuziba, si ya afya. Mwenye gari sasa ana mita ndogo kwenye waya wa bloa: ikishuka chini ya ampea 10, sponji huoshwa. Hewa inayopita hubeba pia vumbi la brashi hadi kwenye koili, hivyo kila brashi zinapokaguliwa uhami kati ya koili na ganda hupimwa kwa mega (kipimo cha uhami) ya volti 500, na kipimo huandikwa ndani ya kifuniko cha mbele cha gari ili kushuka kwake kokote kuonekane mapema.